Neno "vita" katika kinywa cha Kanisa: uchambuzi kutoka Karagwe na Kyerwa

Yeyote aliyepata kuhudumu katika sharika za Karagwe na Kyerwa amesimama mara nyingi kando ya kaburi lililochimbwa migombani, akasikia 2 Timotheo 4:7 ikisomwa juu ya marehemu. Husomwa kwa mwalimu mstaafu, husomwa kwa mkunga, husomwa kwa mzee wa kanisa aliyelima kahawa maisha yake yote. Katika tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952, Mtume anaiita kazi yake yote vita. Lakini miongoni mwa waombolezaji huenda yumo mzee aliyepiga vita kwelikweli: aliyeitwa mwaka 1978, akavuka Mutukula mwaka uliofuata, akarudi bila baadhi ya wenzake. Tena huenda yumo mtu ambaye mwaka 1994 aliuona mto Kagera ukipitisha maiti. Hawa wote, pamoja na jamaa za marehemu, husikia neno moja. Swali la makala haya ni kama wanasikia jambo moja, na kama sisi tunaohubiri tunajua ni lipi tunalolisema.

Sehemu ya tatizo imeletwa na lugha tunayosomea. Vitabu vyetu vingi vya theolojia ni vya Kiingereza, na Kiingereza kinatenganisha "war" na "battle", "battle" na "fight", na hizo zote na "conflict". Neno "war" hutaja hali: dola au makundi makubwa yenye silaha yamesimama kupingana, na hali hiyo ina mwanzo na mwisho. "Battle" ni tukio ndani ya hali hiyo. "Fight" yaweza kuwa ya wanafunzi wawili nyuma ya darasa, na "conflict" yaweza kuwa ya mume na mke wasiosemezana. Wanasheria nao, tangu Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, wamelipunguzia neno "war" kazi na kutumia zaidi "armed conflict", kwa kuwa serikali nyingi zilipigana zikikana kwamba ziko vitani, kisa hazikuwa zimetangaza lolote.

Mwanafunzi anapoketi kuandaa mahubiri au tasnifu, maneno hayo yote humwagika katika chungu kimoja, nacho ni "vita". Si kwamba Kiswahili ni maskini. Tunayo mapigano, mashindano, ugomvi, mgogoro, machafuko, ghasia, uvamizi, uasi, mauaji. Kila moja lina mahali pake, na mwana Karagwe asiyepata kusoma Kiingereza hata siku moja hayachanganyi anapozungumza juu ya shamba lake au ukoo wake. Uvivu ni wetu sisi wasomi. Nitaongeza jambo dogo la sarufi, ingawa huenda wengine wakaliona ni la walimu wa shule: neno hili ni la wingi hata linapotaja tukio moja, "vita vile", "vita vikuu". Siku hizi wengi husema "vita hii", na redio zimewafuata. Sina ugomvi mkubwa nao, ila ule wingi wa zamani ulikuwa na hekima yake, kwa maana katika kila kitu tunachokiita vita huwa yamo mambo mengi, na jina moja huyafunika.

Tuanze na Maandiko. Katika 2 Timotheo 4:7, na katika 1 Timotheo 6:12, neno la Kiyunani ni agon, na nyumba yake ni uwanja wa michezo: mwanariadha, mbio, taji. Ndiyo maana sentensi ile ile ya Mtume inaendelea na mwendo uliomalizwa, na aya inayofuata inataja taji. Watafsiri wa 1952 waliweka vita. Neno hilo hilo la Kiyunani walilikuta katika Waebrania 12:1 wakaweka mashindano, na katika Wafilipi 1:30 wakaweka mashindano tena, na katika Wakolosai 2:1 wakaweka juhudi. Basi walijua. Yawezekana kilichowavuta katika nyaraka za Timotheo ni Kiingereza cha zamani chenye "fight", au ni ule uzito wa neno vita masikioni. Ajabu zaidi iko Waefeso 6. Pale ambapo Mtume anataja silaha zote, ngao, chapeo na upanga, neno lake katika aya ya 12 ni pale, yaani kupigana mweleka, na Union Version inasema kushindana. Palipo na silaha tumepewa mashindano, na palipo na uwanja wa riadha tumepewa vita. Tafsiri ya Habari Njema imerudisha mashindano katika 2 Timotheo, lakini kaburini hakuna anayeifungua. Watu wanaitaka ile waliyoizoea, nami siwalaumu, maana hata mimi ningependa nisomewe hiyo.

Yakobo 4:1 inatusaidia kuona kwamba watafsiri wale wale waliweza kutenganisha walipotaka. Pale Kiyunani kina polemoi na machai, na Kiswahili kimeweka vita na mapigano, kila moja mahali pake. Huo ndio umakini ninaouomba.

Si neno dogo. Mkristo anayeambiwa tangu Kipaimara kwamba imani ni vita, na kwamba sala ni vita, hujifunza kumtafuta adui. Kama adui ni shetani, vema. Lakini adui asiyeonekana huchosha, na upesi hupatikana anayeonekana: jirani mwenye dini nyingine, shangazi anayeshukiwa uchawi, mke wa pili. Mashindano hayana tabia hiyo. Anayekimbia pamoja nami simwui.

Sasa nije kwenye hati yetu wenyewe. Kifungu cha 16 cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 kinafundisha kwamba Mkristo aweza kushika madaraka ya serikali, kuhukumu, kuadhibu wahalifu, na kushiriki vita, bila dhambi. Kiingereza kinaeleza hilo la mwisho kwa "just wars", na katika madarasa yetu hilo hugeuka kuwa "vita vya haki". Kilatini cha Ungamo ni maneno mawili, iure bellare. La kwanza si sifa ya vita, bali linaeleza namna ya kutenda: kupigana kwa mujibu wa sheria, kama hakimu anavyohukumu kwa mujibu wa sheria. Kijerumani cha siku ile ile kinaweka sifa mbele ya jina, kwa hiyo Kiingereza hakikubuni kutoka hewani. Lakini Kiswahili kinapofika mwisho wa mnyororo huo kinabeba mzigo ambao hakuna hata kimoja kati ya vile vitatu kilichoubeba.

Mzigo wenyewe ni neno haki. Kwa Mlutheri hili ndilo neno la Warumi 3. Ndilo tunalolitumia tunapofundisha kwamba mwenye dhambi huhesabiwa haki kwa imani. Mtoto wa Kipaimara pale Nyakahanga au Kaisho akisikia "vita vya haki", masikio yake, yaliyofunzwa vizuri na mwinjilisti wake, yanasikia vita ambavyo Mungu amevihesabia haki. Tena maneno hayo yana tafsiri ya pili, yaani vita vya kudai haki, kama vile vya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Ungamo halikukusudia lolote kati ya hayo mawili. Lilikusudia kusema kwamba askari aliyetumwa na serikali halali kulinda watu hajatoka nje ya wito wa Kikristo. Ningependa tuseme "kupigana vita kihalali". Najua kwamba Karl Roehl, ambaye Biblia yake ya mwaka 1937 ilikuwa mikononi mwa Walutheri wa Tanganyika kabla ya Union Version, asingefurahi, kwa sababu aliyakwepa maneno yenye asili ya Kiarabu kila alipoweza. Lakini haki nayo ni ya Kiarabu, na kati ya mawili hayo halali ndilo lisilojifanya Injili.

Luther mwenyewe alikuwa mkali kuliko Ungamo. Katika kijitabu chake cha mwaka 1526, alichomwandikia askari Assa von Kram aliyetaka kujua kama watu wa kazi yake waweza kuokoka, anatenga vita vinavyoanzishwa kwa tamaa na vita vinavyomlazimu mtu kwa sababu ameshambuliwa. Anayeanza, asema, yuko upande wa kosa. Anafananisha vita vya lazima na tabibu anayekata mkono ili mwili upone. Na kama askari anajua kwa hakika kwamba bwana wake ana kosa, anamkumbusha Matendo 5:29. Mkato wa Luther haupiti kati ya vita vitakatifu na vita viovu. Unapita kati ya lazima na tamaa, na hata ile ya lazima bado ni kukata mkono.

Hapa Kagera tunacho cha kupimia. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Iddi Amin yaliingia katika eneo lililo kaskazini ya mto Kagera, ambalo leo ni sehemu ya wilaya ya Missenyi, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba limekuwa la Uganda. Daraja la Kyaka likabomolewa siku mbili baadaye. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, na watu wazima wa siku hizo wanayakumbuka hadi leo mambo matatu aliyosema tunayo: sababu, nia na uwezo. Mwanatheolojia ataona kwamba mawili ya kwanza yamo katika mafundisho ya kale ya Kanisa kuhusu vita, na kwamba la tatu limo pia, kwa maana waalimu wa kale walidai pawe na tumaini la kufaulu. Sijui kama Mwalimu, Mkatoliki msomaji, aliyapanga kwa kukusudia. Yalipangika.

Hadi mwisho wa mwaka 1978 hakuna shida ya jina. Huo ulikuwa uvamizi, na kuuondoa kulikuwa vita vya lazima kwa kipimo chochote cha Luther. Shida inaanza Januari 1979, majeshi yetu yalipoichukua Mutukula na kuendelea: Masaka mwezi Februari, Lukaya mwezi Machi, Kampala tarehe 11 Aprili, hadi mapigano yalipokoma Juni. Hapo tena "Vita vya Kagera" si jina sahihi, maana Kampala haiko Kagera. Waganda wanaita Vita vya Ukombozi. Mwalimu alijitetea mbele ya Afrika kwa kusema kwamba viko vita viwili, kimoja cha Tanzania dhidi ya mvamizi, na kingine cha Waganda dhidi ya mtawala wao. Wapo waliomcheka, wakisema ni ujanja wa maneno. Mimi naona kwamba alikuwa akifanya kazi ambayo sisi wahubiri tunaikwepa, yaani kuligawa neno. Kama aliligawa mahali panapofaa ni hoja nyingine, na jeshi lililofika Kampala lilikuwa, kwa sehemu kubwa kabisa, la Tanzania. Lakini aliona kwamba jina moja lisingeweza kubeba sababu mbili.

Mkoa wa Ziwa Magharibi ulibadilishwa jina ukawa Kagera mwaka huo wa 1979, na Dayosisi ya Karagwe ya KKKT ilizaliwa mwaka huo huo. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa wakati huo Rais wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni. Dayosisi iliyozaliwa katikati ya kufunga mkanda, ile miezi 18 tuliyoombwa kuvumilia ambayo haikuisha kwa miezi 18, ingeweza kuwa shule ya neno hili. Badala yake tulipokea lugha ya ushindi tukaiingiza kanisani. Askari walioziba masikio usiku kwa sababu ya walichokisikia Lukaya waliitwa mashujaa, ambayo ni kweli, kisha hawakuulizwa kitu tena.

Kutoka hapo vita vikahamia kwenye magonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wakati watu wakiuita ugonjwa huo Juliana, na haukupita muda kabla hatujaanza kuhubiri "vita dhidi ya UKIMWI". Mwandishi Susan Sontag wa Marekani alionya mwaka 1989 kwamba lugha ya kijeshi humgeuza mgonjwa kuwa uwanja wa adui. Waliouguza majumbani huku kwetu hawakuhitaji kumsoma.

Lakini pale ambapo neno hili limetuponza zaidi ni mwaka 1994, na hapo nitakaa kidogo.

Mto Kagera ndio mpaka wa Karagwe na Kyerwa na Rwanda. Ng'ambo ya ncha ya kaskazini ya Kyerwa, mahali nchi tatu zinapokutana, iko Kagitumba, ambako wapiganaji wa RPF waliingilia Rwanda kutoka Uganda tarehe 1 Oktoba 1990. Hivyo vilikuwa vita, hakuna jina lingine: pande mbili zenye silaha, mazungumzo, na mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Kisha tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyowabeba marais wa Rwanda na Burundi, wakitoka kwenye mkutano Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali. Kuanzia siku iliyofuata, kwa muda wa siku zipatazo 100, watu wengi sana, mamia ya maelfu, wengi wao wakiwa Watutsi, waliuawa na wanamgambo, askari na majirani. Serikali ya Rwanda hutaja zaidi ya 1,000,000. Maiti ziliteremka na mto, zikapita kwetu, zikaingia Ziwa Viktoria, na nyingi zilizikwa na wavuvi upande wa Uganda, kama pale Kasensero. Wakati huo huo vita vile vya 1990 vilikuwa vimewaka tena. Mambo mawili yalitokea katika nchi moja kwa siku zile zile.

Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa zipatazo 24, na baadaye makambi yakafunguliwa Karagwe pia. Waliovuka walisema wanakimbia vita. Kwa Kinyarwanda ni intambara, na haikuwa uongo kwao, kwa sababu jeshi la RPF lilikuwa linasonga mbele. Ila kati ya wale waliosema intambara walikuwamo waliowaua jirani zao wiki mbili kabla, na jina hilo liliwasitiri. Vita huhitaji pande mbili. Ukisema vita, msikilizaji wako anauliza nani alimshinda nani, na nani alianza. Haulizi mtoto mchanga alikuwa upande gani.

Sisi tukalipokea jina hilo. Wafadhili walipoleta karatasi zao, zilisema "conflict", tukaandika mgogoro. Mgogoro! Mgogoro ni wa mpaka wa shamba, ni wa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wake. Wengine walisema "civil war", tukaandika vita vya wenyewe kwa wenyewe, usemi unaomgawia kila mmoja wa wale "wenyewe" fungu lake la kosa. Na hata leo, ukizungumza na wazee wa Murongo au Nkwenda, wengi watakuambia "wakati wa vita ya Rwanda" kana kwamba ni kitu kimoja.

Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha hadi mwaka 2015 haikufanya hivyo. Katika hukumu yake ya tarehe 2 Septemba 1998 dhidi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, iliona kwamba mauaji yale yalitokea sambamba na vita lakini hayakuwa sehemu ya mapigano ya majeshi, maana waliouawa hawakuwa na silaha wala hawakushiriki. Kiswahili nacho kilijitafutia jina, mauaji ya kimbari, kutoka katika neno mbari, yaani ukoo. Wanyarwanda walikuwa na itsembabwoko, kisha wakaingiza jenoside. Maneno yapo. Kanisa ndilo lililochelewa kuyatumia madhabahuni.

Na kuchelewa huko ni jambo la theolojia kabla halijawa la siasa. Baada ya vita tunaombea upatanisho, kila upande umwombe mwenzake radhi. Baada ya mauaji pana mtenda na mtendwa, na toba haigawanywi nusu kwa nusu. Mchungaji aliyewaungamisha watu makambini kwa liturujia ya jumla, ambamo wote walikiri kwamba "tumepigana", alitoa ondoleo kwa dhambi ambayo haikutajwa. Mlutheri anajua kwamba ondoleo la namna hiyo linaweza kuwa kweli mbele za Mungu. Lakini anajua pia kwamba funguo zilikabidhiwa Kanisa zitumike kwa kufungua na kwa kufunga. Wengi wa watu wale walirudishwa Desemba 1996, serikali ilipoamua kwamba Wanyarwanda wote wawe wameondoka kabla ya mwisho wa mwaka, na maungamo yao yakaondoka nao jinsi yalivyokuwa.

Nimeambiwa na wenzangu kwamba kudai usahihi huu ni kuingilia mambo ya nchi jirani, na kwamba wapo Wahutu wasio na kosa waliokufa mikononi mwa washindi, ndani ya Rwanda na baadaye msituni Kongo. Ni kweli walikufa, na vifo vyao vinahitaji jina pia. Ndiyo sababu mojawapo ya kutoyaacha yote katika neno moja: anayesema "vita" juu ya kila kitu hana namna ya kuwalilia hata hao.

Kwa maombi ya kanisa lote ya mwezi Aprili, katika sharika zilizo kandokando ya mto, napendekeza sentensi mbili badala ya moja. Ya kwanza iwataje waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Watutsi mwaka 1994. Ya pili iwataje waliokufa vitani na ukimbizini. Kati yake pawe na kimya, kirefu kiasi cha mtu kuvuta pumzi. Na kwa mazishi, aya ya 2 Timotheo iendelee kusomwa kama watu wanavyoipenda, ila mhubiri asimame mara moja kabla ya kuhubiri na kueleza kwamba Mtume hapo anamzungumzia mkimbiaji.